Rangi Mbaya ya Maalim Feruzi

Msonyo wa kwanza ulisikika saa sita mchana, na Otmar akadhani ni wa mkewe.

Alikuwa chumba cha nyuma, madirisha yamefungwa, bati la juu linachoma, amepiga magoti mbele ya dashibodi ya gari iliyolazwa juu ya gunia. Alikuwa amemaliza kuisugua. Rangi yote ya zamani ilikuwa imetoka na chuma kimebaki kitupu, cheupe. Aliifuta kwa kitambaa chenye thina, maji makali ya kuyeyushia rangi, akarudi nyuma hatua moja ili aitazame kazi yake vizuri, jambo alilolipenda kuliko chakula. Ndipo akausikia, nyuma ya bega lake la kushoto: msonyo mrefu, wa taratibu, wa mtu asiye na haraka ya kumaliza kukudharau.

"Mama Justina," alisema bila kugeuka, "kama una neno, liseme."

Lakini Mama Justina, yaani Salvina, alikuwa bombani kuchota maji tangu saa tano.

Tuseme ukweli juu ya Otmar, maana yeye mwenyewe aliusema kila siku: alikuwa fundi rangi bora kuliko wote mjini Shinyanga. Mwaka huo wa 1974 mafundi rangi wa mjini hawakuzidi wanne, na watatu waliobaki Otmar hakuwa akiwasalimia. Kazi alijifunza kwa bruda mmoja kwenye gereji ya misheni, kwao Ushirombo, na neno aliloshika kwa bruda huyo lilikuwa moja tu, kwamba rangi nzuri huanzia kwenye chuma kilichosuguliwa mpaka kikawa kitupu. Bila shaka bruda alimfundisha na unyenyekevu, lakini huo haukuwahi kuonekana ukitoka Ushirombo.

Aliyemchukiza kuliko wote ni Kalisti, mwenye gereji ng'ambo ya barabara, mkabala na ya Otmar. Kalisti hakuwa na habari na msasa. Alipaka rangi juu ya kutu, juu ya matope yaliyokauka, na safari moja juu ya panzi, ambaye anaonekana mpaka leo kwenye mlango wa gari la mwalimu mmoja wa Didia. Na wateja walimpenda. Hilo ndilo lililomnyima Otmar usingizi.

Gari alilokuwa nalo sasa lilikuwa Pijo 403 la mwaka 1958, mali ya Donatus, karani mkuu wa kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Donatus alikuwa na tumbo, na kalamu tatu mfukoni, na hakuna aliyejua kalamu ya pili na ya tatu zilikuwa za kuandikia nini. Gari alilinunua Isaka kwa Dolatkhanu, mjane wa mfanyabiashara Gulamali, baada ya kukaa miaka kumi limefungiwa katika ghala la duka. Alilitaka kwa ajili ya harusi ya binti yake Euphrasia, ili wakwe kutoka Mwanza waone wanaoa kwa nani. Mjane alipomkabidhi funguo alimwambia jambo moja tu: nje apake rangi anayoitaka, vyuma vya ndani asiviguse. Donatus akajibu ndiyo mama, kwa ile namna ya watu wa ofisini, na kabla hajafika Tinde alikuwa ameshasahau.

Nje ya gari hakukuwa na kazi kubwa. Aibu ilikuwa ndani. Dashibodi, kifuniko cha kisanduku chake na fremu nne za vioo vya milango vilikuwa vimepakwa kwa brashi rangi nzito ya kahawia, yenye madonge, michirizi na nywele za brashi zilizogandia humo. Otmar alipofungua mlango mara ya kwanza aliona ametukanwa yeye binafsi. Alivifungua vyuma vyote sita akavibeba hadi nyumbani kwake Ngokolo, kwa sababu gereji ilikuwa na vumbi, na upepo wa Shinyanga hauheshimu rangi mbichi. Salvina alilalamika kidogo, kwa kuwa chumba cha nyuma kilipakana na kile anacholala mtoto. Otmar akamwambia kuwa thina haijawahi kuua mtu.

Chini ya rangi ile mbaya alikuta mikwaruzo. Haikuwa mikwaruzo ya bahati mbaya. Ilikwenda mstari kwa mstari, kutoka kulia kwenda kushoto, imejipinda, ina nukta juu na nukta chini, na ilijaa kila kipande. Otmar aliona wazi kuwa ni maandishi ya Kiarabu. Yangekuwa ya Kilatini pengine angesita. Alichukua msasa mkali kuliko yote aliyokuwa nayo akasugua siku mbili, mpaka haikubaki herufi wala nukta. Fundi mvivu angeyaziba kwa pati, ule udongo wa kujazia mashimo, akaendelea na maisha yake. Kalisti hata asingeyaona.

Basi, baada ya msonyo ule wa mchana, alfajiri ya pili kabla upepo haujaamka Otmar alipuliza praima, rangi ya kwanza ya chini, na alfajiri iliyofuata akapuliza rangi yenyewe, kijivu cha lulu. Akavitundika vyuma kwa waya kwenye kenchi. Vilining'inia pale vinang'aa, na kwa haki ya Mungu vilikuwa vizuri.

Msonyo ukaja tena. Safari hii ulitoka mbele yake, usawa wa kifuniko, kama mtu aliyeinama kukagua kwa karibu akakuta kilekile alichotegemea. Pamoja nao ilikuja harufu. Chini ya ukali wa thina palipita harufu ya mafuta ya waridi yaliyochacha, kama ya kanzu ya sherehe iliyokaa sandukuni miaka mingi.

Mtu mwenye akili angetoka mbio. Otmar aliwasha taa akaanza kutafuta dosari.

Aliipata, maana anayetafuta dosari haikosi: chembe ya vumbi ndogo kuliko jicho la sisimizi, kwenye fremu ya mlango wa nyuma. Akavisugua vyote upya, akapaka upya. Ukasikika msonyo. Akasugua tena. Siku ya nne alikuwa haendi gereji kabisa, macho mekundu, anapuliza na kusugua na kutega sikio, na kila akisonywa anaitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi anayesahihishwa.

Wakati huo kile kitu kilikuwa kimeshatoka chumbani. Kilizunguka nyumba kama mkaguzi. Salvina alikuwa akisonga ugali jikoni aliposikia msonyo juu kabisa ya sufuria, akaangalia, hakuna mtu, mvuke tu na ile harufu ya waridi. Alipotandika kitanda, kitu kile kilimsonya. Alipojifunga kitenge chake kizuri cha Jumapili kilimsonya mara mbili. Jioni alimfuata mumewe mlangoni mwa chumba cha nyuma, akasema kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie.

"Baba Justina, humu ndani kuna mtu."

"Hakuna mtu."

"Anasonya. Leo amesonya juu ya ugali wangu."

Otmar alifikiri kidogo. "Labda ulikuwa na madonge," alisema.

Wala hakuwa anatania. Salvina alisimama pale akimtazama mwanamume aliyezaa naye, na kwa mara ya kwanza aliogopa vitu viwili kwa pamoja. Kesho yake alimwita katekista Marcelino, akaja na maji ya baraka na vijana wawili wa kwaya. Nyumba ilikaa kimya muda wote wa sala, kimya cha adabu kabisa. Ila katekista alipokuwa mlangoni akivaa viatu vyake, ambavyo kusema kweli vilikuwa vimechakaa, wote wanne walisikia kilivyovisonya. Marcelino alimalizia kuvivaa barabarani.

Jumatano kitu kile kikamwingia mtoto.

Justina alikuwa na miaka sita. Ndiye mtoto pekee wa nyumba ile, aliyepatikana baada ya wawili kuzikwa, na hakuwahi kukataa chakula tangu azaliwe. Mchana huo mama yake alimwekea bakuli la viazi vitamu vilivyokaushwa, yaani michembe, na karanga, chakula anachokipenda kuliko vyote. Mtoto alilitazama bakuli. Akalisukuma kwa ncha ya kidole kimoja, akasonya. Salvina aliinua mkono ampige kwa utovu wa adabu, na mkono ukabaki hewani, kwa kuwa mtoto alikuwa ameketi mgongo wima, kidevu juu, akimtazama mama yake jinsi tajiri anavyomtazama ombaomba aliyemkanyagia mkeka.

Usiku hakula. Alhamisi hakula. Maziwa aliyageuzia uso. Ijumaa Salvina alimbembeleza walau anywe maji, akayanusa kwenye kikombe.

"Yananuka watu," alisema Justina, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka.

Salvina hakulia. Aliweka kikombe chini, akaenda moja kwa moja kiwandani kwa Donatus, akamkuta getini, akamuuliza gari lilikotoka na kama mwenyewe wa zamani alisema lolote, maana msonyo uliingia nyumbani pamoja na vyuma vile. Donatus alicheka. Alisema ndiyo, yule mama wa Isaka alikuwa na mambo yake, eti vyuma vya ndani visiguswe, wazee hawa wana vituko. Bado anacheka, Salvina alikuwa amempa kisogo. Alimwacha mtoto kwa jirani, maana baba yake alikuwa na shughuli ya kumridhisha shetani, akapanda treni ya kwenda Isaka.

Salvina alimkuta Dolatkhanu dukani, mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe, anapima sukari. Alimwamkia, akaitikiwa marahaba, na alipotaja Pijo, kijiko cha sukari kikasimama. Mjane alimwambia aingie nyuma ya kaunta, akamketisha kwenye gunia la mchele.

Habari aliyompa ilikuwa fupi. Mwaka ule gari likiwa jipya, Gulamali alisimama njiani karibu na Didia, mchana kweupe, akampa lifti mtu mrefu mwenye kanzu safi. Mtu alikaa nyuma. Walipofika Isaka kiti kilikuwa kitupu, lakini hakuna aliyeshuka. Tangu siku hiyo Gulamali alisonywa kila alipobadilisha gea. Kisha sauti hiyo ikaanza kusonya ndani ya nyumba, kisha ikamwingia mtoto wao wa kiume, wa miaka minane.

"Haipigi mtu," alisema Dolatkhanu. "Haimkabi mtu koo. Inamfanya aone kila kitu ni uchafu. Chakula uchafu, maji uchafu, mama yake uchafu. Wangu alikaa siku kumi na moja, binti yangu. Sisi tulichelewa. Wako ana siku ngapi?"

"Leo ya tatu."

"Basi usikae hapa kunywa chai."

Aliyewafungia jini lile baada ya mtoto kufa aliishi nyuma ya stesheni. Maalim Feruzi alikuwa mzee mdogo wa umbo, mzaliwa wa Tabora, amevaa viatu vya matairi na kofia iliyosahau rangi yake. Alimsikiliza Salvina akiwa anakata kucha. Alipoelewa kwamba kuna mtu aliyasugua maneno yale mpaka nukta ya mwisho, alisimama, akauliza kwa hamaki ya kweli ni fundi gani huyo mwenye muda namna hiyo.

Walirudi kwa treni ya Jumamosi alfajiri. Njiani alimweleza mambo kwa lugha nyepesi, kama anayeeleza namna ya kufunga mbuzi. Maneno ndiyo kamba, alisema, lakini rangi mbaya ndiyo mlango. Jini hili limejaa kiburi. Haliwezi kugusa kitu kilichofanywa ovyo, linakiona kinyaa, na likifungiwa nyuma yake halitoki. Ndiyo maana rangi ile ya kahawia aliipaka mwenyewe, kwa makusudi, kwa brashi ya kupakia chokaa, na nywele alizipachika moja moja. Sasa lazima apake yule aliyefungua. Na kazi ikishakuwa mbaya, ibaki mbaya. Isipite msasa juu yake, hata wa kufutia vumbi, maana limeshamjua mtoto kwa jina na likitoka halitaanza upya kutafuta; likimkosa yeye, litamchukua aliye karibu.

Otmar walimkuta amekaa mbele ya vyuma vyake, ndevu zimeota, anatega sikio. Maalim alivitazama vile vyuma sita vya kijivu cha lulu, akakiri kuwa hajapata kuona rangi nzuri kama ile tangu azaliwe, kisha akatoa msumari mfukoni akaanza kukwaruza. Otmar alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa. Salvina, aliyempitia mtoto kwa jirani, alimshikia usoni pake, midomo imepasuka, macho makubwa yenye dharau, akamwambia kwa sauti ndogo sana, "Mwangalie. Ukikataa, nakuapia utamzika peke yako."

Akakubali. Lazima tumpe haki yake hapo, kwa kuwa haki nyingine hatapewa.

Maalim alikwaruza tangu saa mbili hadi saa tano akisoma kwa kunong'ona, na ilipofika fremu ya mwisho joto la chumba likawa limebadilika, si joto la bati tena bali joto la pumzi, la mtu aliyesimama karibu mno, na harufu ya waridi ikawa nzito, na vyuma vikaanza kugongana kwenye waya zao ingawa mlango ulikuwa umefungwa na hapakuwa na upepo, na misonyo ikaja kutoka kila pembe, kwanza mmoja mmoja, halafu kwa pamoja, kana kwamba chumba kimejaa watu warefu wenye kanzu safi wanaotazama chini, na Otmar akachovya brashi ya chokaa kwenye rangi nzito ya kahawia aliyochanganya Maalim, akaigandamiza juu ya dashibodi aliyoipaka mara nne, akaivuta, na brashi ikaacha nyuma yake donge, mchirizi na unywele. Machozi yalimtoka. Alipaka kifuniko, akapaka fremu moja baada ya nyingine, na kila kilipoharibika chuma kimoja misonyo ilipungua pembe moja.

Ilibaki fremu ya mwisho. Justina, aliyekuwa amelala mapajani mwa mama yake bila nguvu ya kuinua shingo, akainua shingo.

"Otmar," alisema. Hakusema baba. "Kumbe na wewe ni kama wao."

Brashi ikasimama. Salvina aliona uso wa mumewe, akajua kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuumizwa kama alivyoumizwa pale, si walipozika wa kwanza, wala walipozika wa pili. Maalim aliushika mkono wa Otmar kwa mkono wake, akausukuma, brashi ikapita. Chumba kikawa chumba. Harufu ikawa ya thina tu. Mtoto akalegea, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda ambao mama yake hataki kuukumbuka.

"Mayu," akasema Justina, akimwita mama yake kwa sauti yake ndogo ya kila siku. "Nina njaa."

Alikula uji bakuli mbili na nusu. Salvina alimlisha kwa haraka, anamwita ng'wana wane, ng'wana wane, mwanangu, na uji mwingine ukimwagika. Maalim alikula naye, akalala kidogo, akasindikizwa stesheni. Mlangoni alimkumbusha Otmar habari ya msasa. Otmar aliitikia.

Hadithi ingeishia hapo kama watu wangekuwa na akili.

Jumanne Donatus alikuja na wenzake wawili wa ofisini kuchukua vyuma vyake. Otmar alivitoa nje vimefunikwa gunia. Alijaribu kueleza, akaeleza vibaya, maana hakuzoea kueleza kazi yake kwa kuombea msamaha. Donatus alifunua gunia. Alitazama madonge, akang'oa unywele mmoja kwa kucha, akawaonyesha wenzake, nao wakacheka mpaka wakashikana mabega, na majirani waliokuwa wakipita wakasimama kucheka nao. Alisema hata choo cha kiwanda kimepakwa vizuri zaidi. Alisema harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, vyuma hatavibeba kwenye gari lake safi, Jumatatu Kalisti atakuja kuvichukua avipake upya. Kisha akaondoka na kalamu zake.

Salvina, ndani, aliposikia jina la Kalisti alikaa chini akamshukuru Mungu kwa sauti. Aliona mara moja kile ambacho mtoto yeyote angekiona. Kalisti hasugui. Kalisti atapaka kijivu chake juu ya madonge ya Maalim na juu ya nywele na maneno, kila kitu kitabaki chini kilipo, Donatus atafurahi, na jini litakaa humo mpaka gari lioze.

"Mwachie Kalisti," alimwambia mumewe usiku ule. "Mungu ametuletea Kalisti."

Tangu mchana ule watoto wa mtaani walikuwa wamempa Otmar jina la Michirizi. Alikuwa ameketi akivitazama vyuma, na alikuwa anafikiri juu ya Kalisti akivibeba kwapani kupita mtaani, akiwaonyesha watu kazi aliyoiacha Otmar, akiifunika kwa dakika ishirini na kusifiwa. Alikuwa na mtoto mzima chumba cha pili, anacheka usingizini. Hakuwa anamsikia.

Jumamosi asubuhi Salvina alikwenda uani kuchukua beseni la kufulia. Ndani ya beseni, chini ya maji safi, palikuwa na vipande vinne vya msasa wa maji vimelowekwa, kama fundi anavyoviloweka usiku ili vilainike kwa kazi ya asubuhi.

Alisimama pale akalitazama beseni. Otmar alikuwa mlangoni.

"Ni mchirizi mmoja tu," alisema. "Pale kwenye kona ya kifuniko. Herufi sitazigusa, Mama Justina. Nitapitisha juu juu."

Sikio la kufa halisikii dawa, na Salvina hakupoteza pumzi yake kuliimbia. Hakupiga kelele, hakumwaga maji. Alirudi jikoni, akapika, akafunika chakula kwenye sufuria ili mtu asije akasema alimwacha na njaa. Akamvisha Justina gauni la kanisani, akamfunga mgongoni ingawa alishakuwa mkubwa wa kubebwa, akachukua kitenge kimoja na rozari. Hakuaga. Lori la mahindi lililokuwa likielekea Runzewe, kwao, liliwapakia kabla ya saa nne, akaketi juu ya magunia amegeuzia mgongo mji ule, amemkumbatia mwanawe, na kila baada ya maili chache alimpa kipande cha mkate ili amwone akikitafuna. Alikitafuna kila mara.

Otmar alianza na mchirizi wa kona. Kona ilipokuwa laini, upande wa pili ukaonekana mbaya zaidi. Hadi adhuhuri kifuniko kilikuwa kitupu. Hadi machweo vyote sita vilikuwa vitupu, vyeupe, bila herufi, na hakugundua kwamba nyumba iko kimya wala kwamba hakuna aliyemwita kula. Jumapili alfajiri, kengele ya misa ya kwanza ikilia, alipuliza kijivu cha lulu, mara moja tu, kwa mkono uliotulia kuliko siku zote za maisha yake. Haikuingia chembe. Haikutoka tone. Alivitundika, akarudi nyuma hatua moja, akangoja, na harufu ya waridi ikaja taratibu ikajaa chumba.

Hakusonywa.

"Hapo sasa, fundi," ilisema sauti karibu kabisa na sikio lake, kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake. "Hapo sasa."

Hakuna mtu Ngokolo aliyewahi kumwona Otmar akitabasamu. Alitabasamu pale peke yake, uso mzima. Alivuta kiti, akakaa kitambo, ili kama sifa ile ingesemwa tena asiikose. Kisha tumbo likamkumbusha kuwa hajala tangu juzi. Alikwenda jikoni, akamwita mkewe mara moja bila kusubiri jibu, akafunua sufuria. Ilikuwa michembe na karanga, chakula kingi, kilichopikwa na mwanamke anayejua kupika. Otmar alikiangalia, akainusa sufuria, akairudishia kifuniko kwa ncha ya kidole kimoja, akarudi chumbani kutazama rangi ikikauka.